Nyumba Ambayo Mama Hataki Kuingia

Kalundu, tarehe 14 Machi

Kwako Baba yangu mpendwa, Mzee Bruno,

Nakusalimia kwa heshima yote ya mtoto kwa mzazi wake. Mgongo unaendeleaje? Basile alipokuja kutoka huko kwako aliniambia kwamba tangu mvua zianze unaamka umekauka kama ubao, na bado unakataa kupumzika mpaka mpunga wote uingie ndani. Pumzika kidogo, Baba, mpunga hauna miguu. Sisi huku tunapumua. Mama bado anakohoa, lakini si kama juma lililopita. Leo asubuhi aliniuliza kama chai nimeitia sukari au nimeionyesha sukari kwa mbali tu, na mgonjwa anayegombana na chai hajalemewa sana.

Maneno uliyompa Basile yamenifikia. Umeuliza kwa nini Mama alipewa nyumba mpya ya mabati na sakafu ya saruji, na bado analala chini ya turubai kambini, mwaka wa pili sasa tangu ziwa limeze nyumba yetu. Umesema nimsukume aingie, hata kwa nguvu, kwa kuwa ifikapo mwisho wa mwezi nyumba isiyokaliwa itapewa mtu mwingine. Umesema pia kwamba ukaidi wake unaujua tangu mlipokuwa wachumba. Baba, safari hii si ukaidi. Mwenye kosa ni mimi, na nitakueleza tangu mwanzo, kwa maana nikianzia mwisho utaichana barua.

Unaijua biro niliyofanyia kazi, ile ofisi inayowasaidia watu waliofukuzwa na maji. Uliuza ng'ombe ili nikasome Kiingereza Bujumbura, na siku uliponikuta nimeketi kwenye meza yenye feni ulitoa shukrani mbele ya kanisa zima. Kazi yenyewe sikukueleza vizuri. Ulidhani natafsiri barua. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwatungia wageni wa ng'ambo watu wasiokuwepo. Shefu wangu, Félicien, mkubwa wa biro, alitaka kila ripoti ianze na mtu wa kubuni, ili wanaosoma huko kwao waguswe wafungue mikono.

Sisi tukitaka kusema jambo ambalo halipo, tunasema tuseme, au kama ingekuwa, na maisha yanaendelea. Waingereza wana kabati zima la maneno ya namna hiyo, na Félicien alinifanya nilipekue kila siku. Nikiandika suppose, yaani tuchukulie, alisema hilo ni neno la mwalimu wa hesabu, halitoi machozi. What if, yaani itakuwaje kama, alisema ni la watoto wanaotishana. Let's say, yaani tuseme, aliliita neno la dalali. Alilolipenda ni imagine, yaani fikirini, kwa sababu linamshika msomaji mkono na kumwingiza ndani ya hema. Tulishinda tukibishana ni neno gani litauma zaidi, naye anakula ndagala wa kukaanga, anawanyofoa vichwa samaki wale wadogo na kuvipanga pembeni ya karatasi zangu, mafuta yanaingia kwenye sentensi. Lakini nisijisafishe kwa uchafu wa mwenzangu. Nilikuwa hodari wa mchezo ule na niliupenda. Nilijiona mjanja kuchagua maneno mazuri ya shida, na wenye shida wenyewe wako nje ya dirisha, wamepanga foleni na ndoo.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Félicien alitaka mjane, maana nyumba za kwanza zilikuwa za wajane. Nikaandika, imagine, fikirini mwanamke wa Kalundu anayeuza ndagala bandarini, ziwa limechukua nyumba yake yenye mlango wa buluu, mume wake amekufa, na beseni lake la biashara lina tobo aliloliziba kwa kipande cha sabuni. Mlango wa buluu ulikuwa wetu, na beseni ni la Mama. Sikuwa na mwingine wa kumtazama. Félicien alisoma akapiga makofi. Kisha akalifuta lile imagine, akasema habari inatembea vizuri zaidi bila hilo. Nilimwona akilifuta, nikamwacha.

Baada ya majuma mawili alinijia mbio. Wageni waliosoma ripoti wako njiani, na wanataka kumwona yule mama. Alinitazama akaniuliza kama mwenye mlango wa buluu si mzazi wangu. Akasema akionekana, jina lake litaingia kwenye orodha, na atakuwa ndani ya nyumba kabla mvua hazijakolea. Nilikifikiria kikohozi cha Mama. Sitakuficha, nilifikiria pia jinsi nitakavyosifiwa.

Walifika Alhamisi saa nne, watatu. Waliwapa watu mikono, na kila baada ya mkono walijipaka dawa ya kuua vijidudu kwenye viganja, mbele ya macho ya waliosalimiwa. Mmoja alipiga magoti kwenye matope ili alipige picha beseni. Mama alikuwa ametandika mkeka na kuvaa kitenge chake cha Pasaka, maana nilimwambia wanakuja kuwatazama watu waliopoteza nyumba. Walimwuliza kuhusu mume wake. Mama akajibu kwa furaha, unavyomjua akipata wa kumsikiliza: «Bwana yangu iko Nyakabere, iko navuna mupunga. Mugongo iko namuuma, lakini Mungu iko.»

Baba, hapa ndipo mkono unakataa kuandika. Niliwageukia wageni, nikawaambia kwa Kiingereza kwamba mama huyu anasema, mume wake angekuwa hai, angekuwa shambani leo akivuna mpunga. Niliipanga sentensi kichwani kwanza, nikahakikisha kila neno limekaa mahali pake, ndipo nikaitoa. Yule mwanamke mwenye kamera alisema ni maneno mazuri sana.

Kisha wote watatu waliinamisha vichwa wakanyamaza kukuombolezea. Mama alidhani wanasali. Unajua kwetu mgeni akisali nyumbani kwako hunyamazi kama jiwe, unaitikia. Akafanya ishara ya msalaba na kusema Amina, kwa sauti, mara mbili. Nilisimama pale, mtoto wako uliyemwuzia ng'ombe, natabasamu. Ndiyo, Baba. Nilikuua, mkeo akaitikia Amina bila kujua, na nikamwacha aitikie.

Siku ya kutoa funguo waliita majina kwa Kiswahili, wakaanza kwa kusoma kichwa cha orodha, wajane. Mama alikuwa amekaa nyuma, watoto wanapiga kelele, alisikia jina lake tu akaenda kupokea. Aliyesikia vizuri ni Mama Aziza wa hema la jirani. Jioni ile alikuja amefungua kilemba, analia, akaketi chini kwenye mkeka wetu na kumwuliza Mama ni lini Mzee Bruno alituacha, na kwa nini tumemficha msiba jirani wa shida zote. Mama alimwambia hakuna aliyekufa. Kisha akanigeukia mimi. Uso wangu ulikuwa umeshajibu.

Nilimweleza yote. Hakunipiga, afadhali angenipiga. Aliniuliza tu: «Noella, minye nilisema Amina juu ya nini? Weye ulisikia, ukaniacha niseme?» Akachukua maji kwenye kikombe, akasukutua, akatema nje. Alirudia mpaka kikombe kikaisha, kama mtu aliyekula kitu kilichooza. Nilijaribu kumwambia ni maneno ya Kiingereza tu, hayatufikii huku, akanikata. Alisema: «Ile nyumba iko na maiti ndani, na maiti yenyewe iko navuna mupunga Nyakabere. Minye siwezi kulala mule.»

Jana niliurudisha ufunguo. Nilimwambia Félicien baba yangu yuko hai, yu mzima, na kwamba nitawaandikia wageni wale hivyo hivyo. Hakukasirika. Alikuwa na sahani yake ya ndagala, akanyofoa kichwa kimoja, akacheka. Aliniambia nisiwe mtoto, tuseme mzee anakufa kweli mwaka kesho, si tutakuwa tumetupa nyumba bure? Alikwambia ufe, Baba, huku anatafuna. Na kilichonitia kinyaa zaidi ya vyote ni kwamba niliitambua sauti ile. Ni sauti yangu, nimeitumia miaka mitatu. Nilitoka nikatapika kwenye mfereji mbele ya walinzi, nikaenda nyumbani. Barua kwa wageni nimeituma. Kazi sina tena, na turubai la Mama linavuja upande wa kichwa.

Mama anakusalimia sana. Anasema usimfikirie kwamba anakukaidi. Mama Aziza naye anakusalimia, anaona haya kwamba alikulilia, lakini anasema sasa utaishi miaka mingi.

Mama alisema neno kama hili haliandikwi, mtoto analisema amepiga magoti mbele ya mzazi. Nimejaribu. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo, na kila nilipofungua kinywa nilijikuta nachagua neno litakalokulainisha. Nikaogopa kinywa changu. Ndiyo maana nimeandika, na Mama ameisikia barua yote, ameniambia nifute mahali pawili nilipojipamba.

Barua hii nimeileta mwenyewe. Nimempa Basile akukabidhi, nami nimeketi nje, nyuma ya banda lako la mbuzi. Ukimaliza kusoma, unaweza kuniita nije nipige magoti. Ukinyamaza, nitasubiri mpaka gari la jioni, kisha nitarudi kwa Mama, nami sitakulaumu.

Ni mimi mtoto wako,

Noella