Chumvi ya Mama Blandine

Kolwezi, mwezi wa tatu 1993

Yaya Ntambwe,

Tuko bazima. Kikohozi ya Mama imepunguka.

Jirani yetu Mama Blandine anakuja kila asubuhi kuomba chumvi, na kila mara ananiambia: "Mianda, sema kwanza tiketi." Anacheka, lakini macho yake haicheki. Bijana banauliza batu neno ile ya Kingereza mu njia, mbele ya kufukuza batu ba Kasai. Mi nilizaliwa hapa, naisema sawa yeye.

Jana, mbele nijibu, Mama akanitangulia na sauti ya kwetu Kasai: "Tshiketi!"

Mama Blandine hakucheka. Akatoka mbio. Chumvi yake iko bado pa meza.

Usiandike tena kwa adresi hii.

Mudogo wako,
Mianda