Beseni kavu la Kolwezi

Yaya Odeti, dada yangu mukubwa, mungali wazima huko Kalemie? Hapa vumbi linaingia mpaka ndani ya chai.

Unajua utafiti wangu: nauliza watu kazi imebadilika namna gani tangu kamioni za mugodi zianze kujiendesha zenyewe. Leo saa sita nilimuuliza mama anayesonga bukari, ugali wa huku, kwenye geti ya mugodi. Akanionyesha beseni kubwa, kavu. Zamani madereva walikuwa wanalizunguka, wanamega pamoja.

"Ile kamioni haisikiake njala, baba," akasema.

Akanipakulia kwenye kasahani kadogo. Kuona ninakula peke yangu, akanawa mikono, akakaa, akamega na mimi. Nikafunga daftari la maswali.

Jioni mukizunguka sahani, Yaya, upande wangu musiukalie.

Mudogo wako, Fideli