Nimelishusha Andiko la Lugano

Tukuyu,
Jumapili.

Mama mpendwa,

Ugonile. Mimi na mjukuu wako Baraka ni wazima, ila mafua ya baridi hii hayamwachi. Mguu wako unaendeleaje? Baba mfikishie heshima zangu wewe, maana kwa mila yetu mke hamwandikii baba wa mumewe. Ndaga, asante kwa ndizi. Tumezila wawili hadi zikatuchosha, nyumba haina mgeni wa kumkaribisha.

Uliuliza kama ofisini bado wanamkumbuka mwanao Lugano, tangu tumzike. Wanamkumbuka. Ushirika wetu wa parachichi una tovuti ya ndani, mabwana shamba, kama alivyokuwa yeye, wanaweka humo maandiko yao. Zamani ukitafuta dawa ya ukungu unaletewa mihtasari ya vikao na matangazo ya misiba. Meneja Emmanuel akanipa kazi ya kupanga linalofaa lije kwanza, ya zamani yashuke. Veronika, bibi shamba wa Kawetele, akanitania kwamba nimekuwa mganga wa kompyuta. Nilicheka, nikarudi chumbani kwangu, peke yangu na mashine.

Mwezi uliopita Veronika alitafuta wakati wa kuvuna. Akafuata andiko lililokuja la kwanza, akawaelekeza wakulima. Mzee Ambindwile akavuna shamba zima, matunda yakasinyaa bila kuiva. Alikuja na kikapu chake, akakiweka mezani, akasema, “Nimevuna kwa neno la ofisi. Sasa ofisi ni nani?”

Emmanuel akampa Veronika barua ya onyo, kwamba hakutazama tarehe.

Mama, lile andiko ni la Lugano. Aliliandika kwa parachichi za kienyeji, na sasa Kawetele wamepanda za kusafirisha, zinazokaa mtini muda mrefu zaidi. Mengine yote ya zamani niliyashusha. Lake nililiacha juu makusudi, ili kila asubuhi nione jina lake kabla ya la mtu mwingine. Veronika akabeba lawama, nami nikakaa kimya siku tisa.

Ijumaa nilimweleza Emmanuel yote. Onyo sasa ni langu. Kwa mzee Ambindwile nilikwenda na Baraka mgongoni. Alinisikiliza, hakunipa kiti. Andiko nimelishusha kwa mkono wangu, hulioni hadi ukurasa wa nne. Usinilaumu, Mama. Lugano angekuwa hai angelishusha mwenyewe, na angenigombeza kwa kuchelewa.

Msalimie Anyelwisye anayekusomea. Mwambie asiruke popote.

Mkweo akupendaye,
Tupokigwe, mama Baraka