Goti Langu na Ngazi za Boma

Jumamosi, jioni. Mawingu yametanda tangu asubuhi na upepo una harufu ya mvua. Sina furaha hata kidogo.

Leo Mama aliwaalika watu waje kutia udongo mpya kwenye paa bapa la tembe letu kabla mvua haijaanza. Alipika pombe ya mtama ya kutosha kama ilivyo desturi, akaazima vibuyu, akafagia uwanja mzima.

Hakuja mtu.

Sababu ni mimi, au tuseme ni goti langu. Tangu nilipoanguka na baiskeli nikitoka kufundisha, mfupa ulipona lakini goti likagoma kukunjika. Dresa anayefunga vidonda hospitali, Mnyiramba mmoja asiyecheka ovyo, aliniambia nisipolifanyisha kazi kila siku litakauka hivyo hivyo mpaka uzeeni. Dawa ni kupanda ngazi. Nikamwambia kwetu Utemini mawe ya kupanda yako tele. Akasema mawe hapana, nitateleza nivunje na mguu wa pili. Yeye anataka ngazi zilizo sawasawa, zenye ukuta wa kushikilia.

Sasa ngazi nitazitoa wapi? Nyumba zetu zote ni tembe, mtu mrefu huinama kuingia. Ngazi ziko boma tu, kwenye jengo la serikali, nazo zinaishia barazani kwa Bwana Mifugo, ofisa wa serikali anayesimamia ng'ombe. Dresa akaniombea ruhusa kwa askari wa mlangoni, nikaanza. Kila asubuhi kabla ya shule napanda nimeshika ukuta, nafika juu, nahema, nashuka, napanda tena. Siku za mwanzo nilitokwa machozi. Askari alinicheka sana, kisha akazoea.

Ambacho sikukifikiria ni watu wanaopita pale chini kwenda sokoni. Wao wanamwona mwalimu, mtoto wa kwao, kila asubuhi yuko mlangoni kwa Bwana Mifugo. Nenda kamwambie mtu wa kwetu kwamba unapanda juu ili ushuke tu, hukupeleka kitu wala hukuleta kitu. Atakuona una kichaa, au mwongo. Mtu mzima akienda boma ana shauri lake.

Basi mwezi uliopita watu wa Bwana Mifugo wakaja kuhesabu ng'ombe. Serikali inasema wamezidi, wanamaliza malisho, lazima wapunguzwe. Wakaenda moja kwa moja kwa wakwe wa Mzee Mghenyi, jirani yetu. Huko ndiko alikoweka ng'ombe wake wengi, kama wanavyofanya watu wote hapa, wa huyu kwa yule, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usiwamalize wote. Mzee akaamriwa kuwapeleka mnadani. Nilimwona siku ile akiwaswaga, fimbo begani, haongei na mtu. Niliwahi kuwachunga baadhi ya wale ng'ombe nilipokuwa mdogo, na roho iliniuma.

Nani alijua walipofichwa? Mimi nilijua. Kijiji kizima kilijua. Lakini kijiji kizima hakipandi ngazi za boma kila asubuhi.

Sikupeleka neno lolote boma. Naandika haya hapa kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Bwana Mifugo mwenyewe sidhani kama anajua jina langu. Hunipita pale ngazini kama anavyoupita ukuta.

Leo ilipofika adhuhuri na uwanja wetu bado mtupu, nilikwenda kwa Mzee Mghenyi. Ndiye aliyemsaidia marehemu baba kujenga tembe hili, nikajua akija yeye, wengine watamfuata. Nilimkuta anasokota kamba. Nikainamisha kichwa nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, Mwalimu," akasema. "Umetumwa?"

Tangu nizaliwe ananiita mwanangu. Nilijaribu kumweleza habari za dresa, nikapandisha hata suruali nimwonyeshe kovu. Hakunitukana, hakunifukuza. Aliendelea kusokota kamba yake mpaka nikaona haya, nikaondoka. Njiani nililia, mtu mzima mimi.

Nikarudi, nikavua shati, nikapanda juu ya paa peke yangu. Mama alikanyaga udongo na kunipandishia vikapu kutoka chini, na mgongo wake si wa kazi hiyo tena. Goti lilikunjika. Liliuma, lakini lilikunjika, na kabla ya ngazi nisingeweza kupiga magoti kule juu. Ningefurahi kama ningekuwa na mtu wa kufurahi naye. Kutoka paani niliziona nyumba zote za majirani, watu wako uani wanapepeta mtama, wananitazama, halafu wanageuka. Tumefanya nusu tu. Nusu iliyobaki ni juu ya chumba cha Mama.

Tuliposhindwa kuendelea nilimwambia Mama nimekata shauri, siendi boma tena. Dresa anasema goti bado, linahitaji miezi, lakini dresa haishi na majirani zetu. Nitachechemea, wangapi wanachechemea na wanaishi? Nilidhani atafurahi. Alikuwa ananawa udongo mikononi na hakuinua kichwa.

"Utakwenda," alisema. "Ukiacha sasa watasema umeshamaliza kusema."

Alisema kweli. Nikiendelea kupanda mimi ni mpelelezi, na nikiacha mimi ni mpelelezi aliyemaliza kazi. Kwa hiyo Jumatatu nitakwenda nikapande, angalau nipate mguu.

Lakini kuna jambo linanisumbua tangu saa ile. Mambo haya yalipoanza, Mama hakuniuliza hata mara moja kama ni kweli. Siku zote hizi nilijiambia ni kwa sababu ananiamini. Yuko hapo jikoni sasa hivi, nasikia anapuliza moto. Kwa nini nashindwa kuinuka nikamwulize kama naye anadhani nilisema?