Sharti la Mstari wa Arobaini

Kwako Kaka mpendwa,

Pokea salamu tele kutoka kwangu mdogo wako. Mgongo unaendeleaje, na wodi haijakumaliza? Mimi ni mzima, ila macho mekundu kwa kukodolea kompyuta. Mama hajambo, analalamika kwamba tangu uwe mwenyekiti wa chama cha wauguzi anakuona kwenye picha tu.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini. Wenzangu huibonyezabonyeza programu ya kura mara elfu, wakaridhika. Mimi huandika kihesabu kile inachopaswa kufanya, yaani kila kura ihesabiwe kama mwenyewe alivyoamua, kisha nathibitisha hatua kwa hatua kwamba haiwezi kwenda kinyume. Kompyuta hukagua kila hatua, nayo haina haya wala huruma.

Sasa tume inaitaka programu yetu kwa uchaguzi mkuu. Wiki iliyopita niliupitia upya uthibitisho wa mwaka jana, nao mstari wa arobaini ulikuwa na sharti lililochukuliwa kuwa kweli bila kuthibitishwa: mpiga kura akishachagua, habadilishi. Nilipolifuta, uthibitisho wote ukaporomoka. Nikajaribu kwa kidole changu kwenye mashine. Nikamchagua mgombea wa kwanza, nikarudi nyuma, nikamchagua wa pili, nikaituma kura. Ikamhesabia wa kwanza!

Mkuu wetu alitaka turekebishe kimya kimya, akasema yaliyopita si ndwele. Nikamwambia hayo ni ya wagombanao, si ya kura za watu.

Kaka, sharti lile nililiandika mimi. Siku ya kukabidhi ilikuwa imefika, uthibitisho umenigomea, nikajiambia nani atabadili mawazo mbele ya mashine. Nikatia sahihi. Mimi ninayewacheka wenzangu kwa nukta iliyopotea! Mkuki kwa nguruwe. Naona aibu kubwa.

Tena programu ile ndiyo mliyoitumia kupiga kura chamani kwenu. Ulishinda kwa tofauti ya kura nne. Kumbukumbu za mashine zinaonyesha wauguzi kumi na mmoja walirudi nyuma kubadilisha. Walimwacha nani, wakamchukua nani, hazisemi, na haijulikani tena. Huenda ulishinda kweli. Huenda hukushinda. Najua ulivyokesha ukipigania zamu za wauguzi zipunguzwe, na ninalia nikiandika haya.

Lakini ripoti itaenda. Jumatatu saa tatu naikabidhi kwa tume na kwa chama chenu, jina langu likiwa juu kama aliyekosea. Usinibembeleze, maana nakupenda na sitaki kukujibu vibaya.

Barua hii nimempa Mama akufikishie mkononi. Hajui kilichomo. Una siku mbili za kuwaita wauguzi wako uwaambie mwenyewe, kabla hawajaisoma ripoti yangu. Zaidi ya siku hizo mbili, Kaka, sina la kukupa.

Nisalimie wifi na watoto. Nakuombea nguvu.

Mdogo wako akupendaye,
Kichwa Ngumu