Bibi Ameipenda Katuni Yangu

Shikamoo dada Loisi, au siku hizi ni Mama Anna tu?

Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimempa Joel wa bodaboda barua hii. Yule uliyemwita mbumbumbu wa darasa la sita, katuni yake ya kupinga ukeketaji imetazamwa hapa kijijini Zuzu kote! Bibi kaiangalia mara tatu, akacheka, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, kumbe wanaokaguliwa kama wamekeketwa ni wasichana wa shule tu?"

Nikamjibu kwa maringo, "Ndiyo, bibi. Vichanga nani anawakagua?"

Asubuhi hii kapanda bajaji kuja kumwogesha Anna. Anasema mtoto ana lawalawa, ule ugonjwa wa sehemu za siri, kama wasemavyo wote wanaotaka kukeketa, ilhali yeye hajamwona Anna hata siku moja.

Dada, usimwachie mtoto, hata ukienda kuanika nepi.

Mdogo wako niliyeropoka,
Methusela