Kokwa za Kariakoo

Kisarawe, 11 Novemba 2019

Mdogo wangu Najma,

Hujambo? Huku tu wazima, mama anakuombea dua kila sala.

Baada ya ule moto nilipanda mlima mzima mitiki, si unakumbuka? Imenyooka vizuri, ila mlima uko kimya. Ndege wanapita tu, hawatui. Nyuki wamehama, mizinga yangu mitupu. Asali ndiyo kazi yangu, nyingine siijui. Nimemwambia mama nakuja Kariakoo kusukuma mkokoteni. Akaingia ndani. Nitafutie chumba.

Kakako,
Hashimu


Kariakoo, 3 Desemba 2019

Kaka Hashimu,

Shikamoo, na mama umpe shikamoo yake. Mguu wake unaendeleaje? Huku joto limeanza, juisi ninayouza inatoka, alhamdulillah.

Chumba sijatafuta, usinikasirikie. Nilimweleza Kusum, yule mama wa Kihindi anayeuza viungo jirani yangu. Akasema, "Mimi nikiuza bizari tu, nani atarudi dukani? Mitiki ikimaliza maua, hao nyuki wale nini?" Basi tumewaomba wauza matunda watuwekee kokwa. Gunia analo Ummy, mwenzangu wa hapa gengeni, anakuja huko kwao Kisarawe: zambarau, mapera, mabungo, furu, milonge, na mbegu za ukwaju niliouloweka tu kwa juisi, maana uliochemshwa hauoti. Punguza mitiki, uzichanganye humo. Nakuomba, kaka, usije kwanza.

Mdogo wako,
Najma


Kariakoo, 19 Aprili 2021

Kaka,

Shikamoo. Hamjambo nyote? Barua zangu huzijibu. Ummy anasema alikukuta unachimba, ukamwitikia salamu bila kuinua kichwa. Kama una hasira na mimi, sema. Mbegu nyingine hizi hapa.

Najma wako


Kisarawe, 12 Mei 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, na unisamehe. Sikuwa na hasira. Miche ya kwanza iliisha kwa jua na mbuzi, niandike nini? Nikapanda tena zile ulizotuma baadaye.

Wiki iliyopita mama alipiga kelele, "Hashimu, toka nje!" Nikachukua fimbo, nikidhani nyoka. Kumbe kundi la nyuki limening'inia kwenye mpera, mama amesimama anacheka na machozi yanamtoka. Leo wako mzingani. Mlonge ukipumzika, mpera unachanua. Ukiisha, zamu ya mzambarau. Mikwaju bado inanifika kifuani. Ndege wanaokula furu wanadondosha na mbegu walizokula kwingine: mkuyu umejiotea, sikuupanda. Na juzi jioni nimemwona komba, kambeba mwanawe mgongoni.

Siji tena kusukuma mkokoteni. Ahsante, Najma. Ahsante sana. Wenzio nao wafikishie.

Kakako,
Hashimu


Kariakoo, 2 Juni 2024

Kaka yangu,

Shikamoo, na mama pia. Sisi wazima, tena tuna furaha.

Nimewasomea barua yako gengeni. Kusum alijifuta macho kwa mtandio, akasingizia pilipili. Mbaruku, muuza mapera asiyetoka nje ya Ilala, akasema, "Rudia hapo pa komba." Nikarudia. Akasimama, kisu mkononi, wateja wanamngoja.

"Miaka yote ile," akasema, "mbegu nilikuwa nazitupa tu."

Wanataka kuja kuona, kaka, wote. Baada ya Idi tutafunga genge siku nzima. Mwambie mama atenge sufuria kubwa.

Mdogo wako,
Najma